Mjukuu Wangu Haitwi Vanesa

Mlali, huku juu
Jumatatu, 18 Mei 1998

Kwa mwanangu mpendwa Faraja,
Kihonda.

YAH: MALALAMIKO YANGU JUU YA JINA LA MTOTO

Marahaba mwanangu. Najua ukiishika tu karatasi hii utaniamkia, kwa hiyo naitikia kabisa kabla sijasahau.

Mimi sijambo, isipokuwa kifua asubuhi ukungu ukishuka. Baba yako Petro hajambo, ila goti. Tangu zile mvua za El Nino zituharibie njia ya shambani anashuka kwa fimbo na kupanda kwa matusi. Mjomba wako Andrea hajambo, anakusalimu sana, na anasema yeye ndiye mkubwa wa ukoo na hajaulizwa kitu. Shangazi yako Josephine hajambo, meno mawili ya mbele yamemtoka, na kila akijaribu kulitaja hilo jina lenu anatutemea mate, nami nimechukua hiyo kuwa ni ishara. Mdogo wako Zawadi hajambo, yuko shuleni, nimemkataza kuisoma barua hii kwa hiyo najua ataisoma. Yule mbuzi mweupe amezaa mapacha. Wote hawajambo, wote hawana majina, na wote wanalala usiku kucha. Sisi huku ni wazima. Moyo wangu ndio hauko huku, umeshuka Kihonda tangu nilipoipata barua yako.

Barua aliileta Mwinjuma alipokuja na gari kuchukua kabichi. Nimeisoma mara nne. Unasema mtoto halali. Unasema tangu mlipoanza kumwita Magdalena, kama nilivyowaagiza siku ile naondoka, ni wiki ya tatu analia kutwa na kucha, zahanati wamemtazama masikio, tumbo na kitovu hawakuona ugonjwa. Halafu unasema, tena kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba chumvi, kwamba mkwe wangu Lukasi anaona afadhali mrudi kwenye lile jina lake la kwanza alilolitaka yeye, Vanesa, na kwamba ubatizo ni Jumapili ya Pentekoste, na eti mama unasemaje.

Mama anasema hivi.

Mwalimu wetu wa kisomo, wakati ule tunasomea kwenye ghala la mahindi, alitufundisha kwamba malalamiko huandikwa kwa namba, ili anayelalamikiwa asije akasema hakuona. Mimi shule yangu ni hiyo tu, lakini namba nazijua. Barua hii msomee na mumeo, maana yeye ni mwenye nyumba na mkwe namheshimu. Ila mahali nitakapoandika hapa ruka, ruka.

1. Jina limetoka kwenye televisheni. Mimi sikuhadithiwa, nimeona kwa macho yangu. Siku arobaini nilizokaa kwenu kukutunza uzazi, kila jioni saa kumi na mbili nilivuka uani kwenda kwa jirani yenu Hidaya kuutazama huo mchezo, wenye Kiingereza kisichomsubiri mtu, na Hidaya akitufasiria, na pale asipoelewa akitutungia. Sikwenda kwa starehe. Nilikwenda kufanya uchunguzi. Katika siku zote hizo nilikosa tatu tu, mbili umeme ulikatika, na ya tatu wewe ulikuwa na homa, na hata hiyo nilichungulia dirishani.

Sasa huyo Vanesa wenu nimjuavyo ni huyu. Mwanzo mpaka mwisho hajamwamkia mtu mzima hata mmoja. Anaingia chumbani kwa baba yake hivi hivi, mkavu, hata hodi hana. Amemchukua mchumba wa dada yake wa kuzaliwa. Amemshika mkono baba yake mgonjwa akamwekesha saini kwenye karatasi, akakiuza kiwanda chote na wafanyakazi wakiwa humo humo ndani. Sahani ya chakula anaigusa kwa uma halafu anasimama na kuondoka, hatujamwona akishiba. Ufagio hajashika. Mgongo upo nje wote. Siku moja kabla sijarudi huku gari likamgonga, nikamwacha amelala hospitali, mipira puani, hajitambui, na wanja umemkaa sawasawa.

Huyo ndiye somo wa mjukuu wangu? Mtu anampa mtoto somo ili akue amfuate. Mnataka amfuate wapi? Hospitali?

2. Jina ni la mtumba. (Hapa ruka.) Mkwe wangu tangu kiwanda chao kiuzwe na wao wapunguzwe kazi amekuwa mtu wa kufungua mabelo sokoni, na ninamsifu, maana wenzake wamekaa barazani wanangoja waitwe tena. Nguo za mtumba mimi sizidharau. Lile koti aliloniletea ndilo ninalovaa sasa hivi ninapoandika. Lakini Faraja, koti lile niliposhuka nalo mtoni nililifua mara mbili, nikalimwagia maji ya moto, nikalianika siku tatu juani na kuligeuza ndani nje, kwa sababu sikujua ni nani alilivaa na alilivulia wapi. Pengine alilivulia kitandani pa mwisho. Haya, jina utalifulia wapi? Utalianika kamba gani? Padre maji anayo, lakini yale ni ya dhambi ya asili, hayajaagizwa kwa madoa ya watu wengine.

Naye Lukasi nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia Hidaya kwamba hilo jina ni gredi ya kwanza, Morogoro nzima halijavaliwa. Mkwe wangu, mtoto si meza ya sokoni. (Mwisho wa kuruka.)

3. Jina halina mtakatifu. Nilimpelekea katekista wetu kabichi mbili nikamwomba afungue kile kitabu chake cha watakatifu. Akavaa miwani, akaenda na kidole. Kitabu kikatoka kwa Valeria kikaruka moja kwa moja mpaka kwa Venansi. Katikati hapana mtu. Nikamwambia tazama tena, pengine kurasa zimeshikana. Akalamba kidole akatazama tena. Hapana mtu! Sasa siku ya hatari mtoto amwite nani? Wenzake watakimbiliwa na wasimamizi wao kutoka mbinguni, yeye atakuja nani, Hidaya?

Yule katekista aliniambia nisishangae, siku hizi kila kitu ni ruksa. Alisema mwezi uliopita ameandikishwa mtoto anaitwa Bonifasi lakini kwao wote wanamwita Video, na mwingine huko bondeni anaitwa Dola, na Dola huyo ana surua. Soko huria liliingia kwa sukari tukanyamaza. Likaingia kwa mashati tukavaa. Sasa limeingia mpaka kwenye mbeleko ya mtoto.

4. Majina ya kwetu yapo na hayajaisha. Tunayo Magdalena. Tunayo Theresia. Tunayo Matilda. Tunayo Skolastika, jina la kwetu kabisa, la milima hii hii, bibi mzaa bibi yangu alikuwa nalo na hakuwahi kuvuka mto Ngerengere. Utapata wapi jina la nyumbani kuliko Skolastika? Lakini ninyi mmeona ni mzigo. Mnataka jina ambalo likiitwa huku milimani hata mbwa hawageuki.

Na mtoto ni wa ukoo wetu. Kwetu ukoo unafuata mama, hilo Lukasi tulimweleza kabla hajaleta barua ya posa, akaitikia kwa kichwa. Kumbe alikuwa anaitikia kuku aliyekuwa sahanini.

5. Hili ndilo kubwa, na mlisome kwa pamoja, tena kwa sauti. Kwetu mzazi hachagui jina. Mtoto ndiye anayechagua. Mtoto akilia kilio kisicho cha ziwa wala cha tumbo, mtu mzima wa ukoo humpakata akamwitia marehemu mmoja mmoja kwa majina. Akilia hilo si lake. Akinyamaza na kutafuta ziwa, basi huyo ndiye aliyerudi, na jina ni hilo, haliongezwi na halipunguzwi. Akipewa lingine analia mpaka anaugua. Wewe mwenyewe ulilia siku sita, bibi yako Magdalena akakuitia majina kumi na moja, ukanyamazia Faraja, jina la yule dada yangu aliyefariki mdogo. Nani alikuuliza wewe kama jina ni la kisasa?

Nami kule Kihonda nilifanya vile vile, palepale kwenye mkeka wako, siku mtoto alipolia tangu asubuhi. Wewe ulikuwa bafuni. Uliporudi ulimkuta ametulia mapajani kwangu ananyonya kidole, ukaniuliza amenyamazia jina gani, nikakuambia Magdalena. Ulifurahi mpaka machozi. Hata Lukasi alivua kofia.

Mwaka ule wa vyama vingi mlitufuata mpaka huku juu mkatuambia kura ni siri na kura ni haki, na kila mtu ana yake. Sawa. Mjukuu wangu naye amepiga yake. Leo, kwa kuwa hamkupenda aliyeshinda, mnataka kuhesabu upya. Aibu.

6. Sasa mtasema, kama amechagua mwenyewe, mbona analia? Nilijua mtauliza na jibu ninalo. Analia kwa sababu jina lile baya halijatoka nyumbani. Wewe unamwita Magdalena mchana, baba yake akimwosha anamnong'oneza Vanesa sikioni, usidhani sijui, nilimsikia. Hidaya naye akipita ukutani anapaza sauti, Vanesa hajambo? Mtoto wa miezi miwili anaitwa na pande mbili, ataitikia upande gani? Hata mimi ningelia. Kwa hiyo dawa si kumrudisha Vanesa. Dawa ni kumfukuza mpaka nyayo zake, kama ifuatavyo:

(a) Mkwe wangu asitamke jina lolote linaloanza kama hilo kwa muda wa miezi sita. Viazi ale kimya kimya. Viatu sokoni aviite makubazi, wateja watazoea.

(b) Hidaya, ambaye namsalimu na uji wake wa pilipili manga sitausahau, aigeuze televisheni yake itazame upande wa barabara ya Dodoma. Wapita njia ni watu wazima, watajilinda wenyewe.

(c) Kama hilo haliwezekani, hameni. Kihonda ni kubwa na inazidi kukua. Kama Kihonda yote sasa ina televisheni, njooni huku juu, umeme haujafika na kwa mwendo ninaouona mjukuu wangu ataolewa haujafika.

(d) Mjomba wako Andrea aandike serikalini. Mahindi ya kutoka nje yakifika bandarini yanapimwa wadudu, nasi tulikula yale ya njano tukajua. Majina nayo yashushwe, yamwagwe chini, yakaguliwe moja moja, na lenye mgongo wazi lirudishwe na meli ile ile iliyolileta.

(e) Na kama yote hayo yatashindikana, na Jumapili ya Pentekoste Padre akaweka maji kichwani kwa mjukuu wangu akatamka Vanesa, mimi Agnes nitakuwa benchi la mbele na lile koti la mtumba, nami nitalia kwa sauti kuliko mtoto, mpaka kwaya inyamaze. Tuone nani atanipa ziwa.

Hayo ndiyo malalamiko yangu, ni sita na vipande vitano. Sina ugomvi na mtu. Mtu nisiyemtaka ni Vanesa.

Nakuomba mwanangu unywe uji mwingi, usikae na kanga mbichi mgongoni, na mtoto umfunike kichwa asubuhi. Kwenye gunia la kabichi nimeweka njegere na ndizi, na kichupa kile ni cha dawa ya tumbo lako wewe, usimpe mtoto. Nisalimie mkwe wangu Lukasi, mwambie namwombea soko. Nisalimie Hidaya na wanawe wote, na mama yule wa mashine ya kusaga aliyenipa kiti. Nisalimie mjukuu wangu, kwa jina lake halali.

Ni mimi mama yako aliyekuzaa,
Agnes wa Petro.

N.B. Faraja, hapa usimsomee mtu. Hata Lukasi. Kwanza soma peke yako.

Bahasha nilikwisha kuigundisha kwa ugali nikashuka nayo mpaka barabarani. Gari la Mwinjuma limepasuka tairi, wanaliziba, nami nimekaa juu ya magunia na barua yangu mkononi, nikaona inanichoma. Nimeifungua. Ndiyo maana unaiona imechanika.

Siku ile ulipokuwa bafuni, mwanangu, nilianza na Magdalena. Akalia. Nikarudia polepole, Magdalena, mama yangu, ni wewe? Akalia mpaka akawa mwekundu. Nikaita Theresia, akalia. Matilda, akalia. Skolastika nilipomtaja ndiyo akakojoa kabisa. Nikamaliza upande wetu nikaingia upande wa baba yako, ambao hauhusiki. Nikaita hata jina langu mwenyewe, na mimi niko hai, jambo ambalo ni mwiko. Mwisho nikachoka. Nikamwambia kwa hasira, haya lia basi, Vanesa mkubwa wewe.

Akanyamaza.

Akafungua macho akanitazama kama mtu aliyeitwa kutoka mbali, akakishika kidole changu akanyonya. Nikasema imetokea tu. Nilipomwondolea kidole alianza tena, nikamwita Magdalena, kilio. Nikamwita lile lingine, kimya. Mara tatu, Faraja. Mara ya tatu alicheka, na siku thelathini na tano alikuwa hajamchekea mtu.

Ndipo ukaingia na kanga yako na maji yanakudondoka ukaniuliza jina gani. Mdomo wangu ukasema Magdalena. Kura niliiiba mimi. Msimamizi nilikuwa mimi, na mhesabuji ni mimi.

Mama yangu amefariki mwaka wa kumi na mmoja huu. Tangu hapo hakuna mtu wa kuitika jina lake nyumbani kwetu. Nilitaka siku moja nisimame hapa juu, niite Magdalena, na upande ule wa shamba mtu aniitike bee. Basi. Sikuwa na sababu nyingine, na haya yote niliyoandika huko juu kwa namba nimeyatafuta jana na leo ili nisiandike hili moja. Kumbe anayelipa ni mtoto, wiki tatu anaitwa jina la mtu mwingine na anatuambia kwa njia pekee anayoijua. Na mama angenipiga. Jina la Kizungu asingelijali, lakini uongo hakuupenda kabisa.

Kwa hiyo ukishaisoma hii usingoje Pentekoste. Mpakate sasa hivi, umwite Vanesa, karibu na sikio, bila kumfokea. Mwambie bibi ameomba radhi. Katekista nitampelekea kabichi nyingine, kama kwa Padre pana nafasi ya jina la pili amwandike Magdalena kwa nyuma, na kama hakuna nafasi, muache, utazaa tena. Lukasi mwambie tu mama amekubali, asiulize. Na hayo ya viazi na viatu mwambie yamefutwa.

Nami nitakuja. Benchi la mbele lile lile, ila sitalia. Pengine kidogo.

Mwinjuma anarudi huku Alhamisi, atapita sokoni kwa Lukasi. Mpe jibu hata la mstari mmoja, hata la mdomo, nitakuwa hapa hapa barabarani kuanzia asubuhi. Nataka kujua mawili tu. Kwanza, amenyamaza? Pili, muulize Hidaya, yule mwingine ametoka hospitali? Maana huku tangu nirudi nimemweka kwenye sala za jumuiya, kila Alhamisi nyumba tisa tunamwombea, na wote wanadhani ni ndugu yetu wa Kihonda.